Maneno Niliyomkatiza Mama Yako

Achieng mwanangu, mama yangu mdogo,

Kama unaisoma karatasi hii basi mmeshavuka mpaka, na shangazi yako Apio amefanya nilivyomwagiza: amengoja mama yako aingie kuoga, ndipo akakuvuta nyuma ya nyumba na kukupa. Salamu usizitafute. Watu huanza barua kwa kusema wao ni wazima na hofu ni kwa anayesoma. Mimi naandika leo mchana, siku moja kabla hamjaondoka. Wewe uko kisimani, mama yako anaanika wimbi, na kwa sasa wote tu wazima. Ya kesho siyajui.

Nitaivusha mwenyewe jioni kabla kizuizi hakijafungwa, ndani ya bomba la baiskeli, chini ya kiti. Usicheke. Bomba hilo limevusha betri, viberiti, sindano za cherehani, na mara moja saa ya mkononi ya askari, na askari aliyekuwa anaitafuta saa hiyo ndiye aliyenifungulia njia. Hapa Busia wanaobeba watu kwa baiskeli ni wengi kama siafu, lakini muulize yeyote ni nani aliyefika ng'ambo wa kwanza akiwa na abiria wawili na gunia la chumvi. Watakutajia baba yako. Wasiponitaja, ni wivu.

Naandika Kiswahili, si lugha yetu ya nyumbani, kwa sababu shule niliiacha darasa la tano (mwalimu wangu atakwambia ni shule iliyoniacha mimi), na cha kuandika nilichokishika vizuri kilikuwa hiki. Tena kuna mtu mwingine atakayeisoma, nitafika huko. Mambo ya kumsaidia shangazi, kuamka mapema, kutoyajaza maharage chumvi, hayo nilikwambia asubuhi na hukuyasikia. Najua sasa hivi umekunja uso kama mtu aliyelamba ndimu. Kunja, ila soma mpaka mwisho.

Nataka kukwambia habari ya ile karatasi uliyoionyesha kizuizini.

Ile yenye muhuri, iliyochanika kwenye mikunjo, inayosema kwamba mama yako ana ugonjwa wa kichwa na maneno yake si maneno. Imekaa nyumbani tangu una miaka kumi, umeizoea kama ulivyozoea birika. Umeitoa mbele ya askari ukasema unampeleka mama yako kwa mganga ng'ambo. Najua sauti haikutetemeka, kwa sababu ulikuwa unasema kitu unachokiamini. Ndiyo maana sikukwambia mapema. Anayesema uongo anaoujua macho humkimbia, na askari wa pale kazi yao ni kutazama macho. Nilihitaji yako yatulie.

Achieng, mama yako si mwehu. Hajawahi kuwa mwehu hata siku moja. Karatasi hiyo niliiandika mimi, kwa mkono huu huu.

Pumua kwanza. Mimi pia nimeweka kalamu chini nikaenda kukagua mnyororo wa baiskeli ambao hauna ubaya wowote.

Zamani, kabla ya karatasi hiyo, Adikini mama yako alikuwa anapika kongo, pombe yetu ya wimbi, ambayo watu walitoka Tororo mjini kuifuata. Nasema hivi si kwa kujisifu. Basi, najisifu, lakini ni kweli. Unajua wanaume wanavyokizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mwanamke anapita na birika la maji ya moto akikijazia, na hakuna anayeinua macho kumtazama. Wanaongea juu ya kichwa chake kana kwamba ameumbwa pamoja na birika. Kwa hiyo mama yako alikuwa anajua kila jambo la mji huu, nani amehamishwa, nani ameuza kahawa ng'ambo, nani hataonekana tena. Mimi nilikuwa nazisikia habari hizo kitandani, kisha kesho yake nazitembeza barabarani na baiskeli. Watu wakasema, Obbo ana masikio. Masikio yalikuwa ya mama yako.

Alikuwa na rafiki, Nabwire. Msichana Msamia wa Masinya, hajaolewa, anavuka kununua sabuni na chumvi, kisha anarudi kuziuza sokoni kwetu. Kicheko chake kilikuwa kinaamsha kuku. Nilikuwa nambeba bure, na usianze kuniangalia hivyo. Nilikuwa nambeba bure kwa sababu alikuwa ananishinda kwa matusi njia nzima, na mimi sijawahi kushindwa na mtu. Wewe alikuwa anakuletea peremende. Sijui kama unakumbuka.

Wanajeshi walikuwa wameshaitwaa nchi. Hapa mpakani mwanamume alikuwa anaulizwa mzigo wake. Mwanamke alikuwa anaulizwa mzigo, urefu wa nguo, nywele kama ni zake mwenyewe, mume yuko wapi, na kama hana mume basi analala wapi. Siku moja wakawashusha wanawake watatu kwenye lori, Nabwire akiwa mmoja wao, wakawapeleka kwenye stoo ya pamba, ile waliyowanyang'anya wakulima wakaigeuza nyumba yao. Baada ya siku mbili wawili walirudi. Hawakusema kitu. Mmoja alihama wiki hiyo hiyo, mwingine alianza kufunga duka lake jua likiwa bado kali. Nabwire hakurudi.

Askari wa stoo walikuwa wanamwagiza mama yako awapelekee chungu. Wiki ile alikwenda mara mbili. Aliporudi mara ya kwanza alinawa mikono kwa muda mrefu sana. Aliporudi mara ya pili hakunawa, alikaa tu kwenye kigoda akaangalia ukuta. Nilikuwa naziba pancha. Nilimwona, nikaendelea kuziba pancha.

Siku ya soko afande mkubwa akaitisha baraza uwanjani. Alisema usalama ni mzuri. Alisema wanawake wanaolia kwamba ndugu zao wamepotea wanadanganywa na maadui. Hao ndugu wamekwenda Kenya kutafuta mabwana. Kisha akauliza kama kuna mwenye swali. Unalijua swali la namna hiyo, linaulizwa ili lisijibiwe. Mama yako akasimama. Wewe ulikuwa umemshika nguo kwa nyuma.

"Afande, Nabwire hakwenda Kenya," alisema. "Yuko kwenye stoo ya pamba. Nilimpa maji kwa mkono wangu. Na juzi jioni nilipopeleka chungu tena..."

Hapo ndipo nilipomkatiza.

Nilicheka. Kile kicheko changu unachokijua, kinachoanzia puani. Nikatoka mbele nikijipiga kichwa kama ngoma, nikamwomba afande radhi, nikasema mke wangu ameharibika kichwa tangu azae, leo kamwona Nabwire, juzi kamwona marehemu babu yangu amepanda baiskeli, na babu hakujua hata kuiegemeza ukutani. Uwanja mzima ukacheka. Walikuwa wamebana pumzi na mimi niliwapa mahali pa kuitolea. Hilo nadhani unalikumbuka, watu kucheka, hata kama hukujua walicheka nini.

Afande hakucheka. Alinitazama mimi, akamtazama mama yako, akarudi kwangu.

"Bibi yako iko na kichwa mubaya tangu lini?"

"Tangu azae, afande."

"Wewe najua kuandika?"

"Najua, afande. Najua sana."

Sikia hilo neno "sana". Mtu na bunduki mbele yake, na bado anajitangaza.

Wakaniletea meza. Na mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa barua wa soko lile. Wanawake wasiojua kusoma walinijia niwaandikie waume zao walioko Jinja na Nairobi, wao wanasema mawili, mimi naongeza sita yenye maua. Mkono ulikuwa umezoea. Karani wa afande alitaka jina na ugonjwa tu. Nikaandika: Mimi Obbo, mume wa Adikini, nasema mke wangu ana ugonjwa wa kichwa tangu azae. Kisha nikaongeza: Maneno yake si maneno, mtu asiyahesabu. Hilo la pili hakuna aliyeniomba. Nililiongeza kwa sababu lilipendeza. Afande alilisoma, akatabasamu kwa mara ya kwanza, akapiga muhuri.

Sitakudanganya kwa upande mwingine pia. Uongo ule ulimwokoa. Hakuna gari lililosimama mlangoni kwetu. Ningekaa kimya pale uwanjani usingekuwa na mama, na yeye analijua hilo kama ninavyolijua. Ndilo linalonibana. Lingekuwa kosa tupu ningeshaomba radhi zamani, nikapigwa kofi, tukala. Lakini kosa langu lilianza kesho yake.

Kesho yake askari wawili walipita kuangalia kama ni kweli. Basi nikamnyoa mama yako kichwa hapo uani, kwa wembe, jirani wote wakiangalia. Nikampandisha kwenye keria ya baiskeli, nikamfunga kwa mipira kama ninavyofunga gunia, nikampeleka Mulanda kwa mganga. Ningeweza kupita njia za mashambani. Nilipita mjini ili waone. Njia nzima nilikuwa natangaza: nauza mwehu, bei nafuu, ukinunua nakuongezea kuku. Watu walicheka mpaka Tororo. Wengine walikimbia pembeni ya baiskeli ili wasikie mzaha unaofuata, na mimi nilikuwa nao mwingi.

Tulipovuka mji, watu wakapungua, ule mwamba wa Tororo ukabaki nyuma yetu, mama yako akazungumza mgongoni kwangu. Aliuliza polepole, kama mtu anayeuliza saa.

"Obbo, mpaka lini?"

"Mpaka wasahau," nikamwambia.



Nao wakasahau, Achieng. Askari hawakai mahali. Baada ya miezi minane wale walihamishwa, na yule afande akaliwa na wenzake, ndivyo walivyo. Waliokuja hawakumjua Nabwire wala baraza. Nywele za mama yako zilikuwa zimeota. Ningeweza kuwaambia majirani, kimya kimya, mmoja mmoja. Ningeweza kukwambia wewe tu. Sikusema, na hapa ndipo ningetaka kalamu iishiwe wino.

Ilikuwa raha. Mke ambaye maneno yake hayahesabiwi ni raha. Nikirudi nimelewa, akiniuliza, jirani wanasema ndio huo ugonjwa umempanda. Nilipomuuza mbuzi wake bila kumwambia, akapiga kelele mpaka barabarani, watu walikuja kunipa pole mimi. Mimi, mwenye pesa ya mbuzi mfukoni. Askari niliwaogopa miezi minane. Miaka mitano na zaidi iliyofuata sikuwa namwogopa mtu yeyote. Nilikuwa nimestarehe.

Yeye akaanza kupunguza maneno. Kwanza aliacha kuongea sokoni, kisha kwenye chungu, kisha na mimi. Wewe ulimwona anaongea na kuku, ukaona hiyo ndiyo dalili yenyewe. Kuku hawajawahi kumwonyesha karatasi.

Bado sijafika kwenye baya zaidi. Nimelizunguka kama mtu anayezunguka dimbwi.

Mwaka wa pili, askari wale wakiwa wameshaondoka, alikuja mwanamke kutoka Masinya kwa miguu. Mama yake Nabwire. Mwanamke wa umri wa marehemu mama yangu, ambaye umechukua jina lake, na alipiga magoti mlangoni kunisalimia, mimi, kijana mwenye grisi mikononi. Alikuwa na kuku mwekundu kwapani, miguu imefungwa kwa ganda la mgomba. Akasema kuku ni wa mke wangu.

"Nimesikia alimwona mwanangu," alisema. "Nimekuja aniambie. Hata likiwa baya, aniambie tu."

Mama yako alikuwa ndani. Alisikia kila neno. Mimi nilikuwa nimesimama kizingitini na mlango nimeuzuia kwa kisigino, na niliusikia unasukumwa, si kwa nguvu, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Nikakaza kisigino. Nikamwambia yule mama kwamba mke wangu ni mgonjwa, haoni kitu wala hajui kitu, arudi nyumbani. Na kwa kuwa siwezi kuacha sentensi bila kuipamba, nikaongeza, "Nabwire atakuja, mama. Wasichana wakichoka hurudi."

Akanishukuru. Akasimama kwa kushika goti, akanipa kuku, akaondoka.

Kuku nilimpokea. Mama yako alimpika, hakumwonja. Wewe ulikula paja. Hukuwa na kosa, ulikuwa mtoto na lilikuwa paja nono, lakini nimekuwa nikiliona paja lile kila ninapokuona unakula.

Unajua desturi yetu, na kwa hili Wasamia hatuachani nao. Mtu akipotea na mwili usionekane, watu wake huchuma tunda la mwegea, lile refu zito linaloning'inia kama mchi, wakalizika mahali pake, wakalia, wakanyoa, matanga yakaisha. Lakini huwezi kuzika tunda kwa kudhania tu. Lazima awepo mtu wa kusimama na kusema, mimi niliona. Bila huyo ndugu hukaa mlango wazi. Mama Nabwire amekaa hivyo tangu siku ile niliyomwambia atakuja. Alihamia ng'ambo kwa kuwa afande alisema wasichana wamekwenda Kenya, akawa anazunguka masoko akiuliza. Sasa ni mzee, anakaa nyumba ya nne kutoka kwa shangazi yako. Kila siku anabakiza sahani ya chakula. Ndugu walipotaka kulizika tunda aliwakatalia. Apio alimsikia akisema, "Nisije nikazika tunda, mwanangu akaja akalikuta."

Yote hayo nilikuwa nayajua, Apio aliniambia zaidi ya mara moja. Nilikuwa nasema masikini, kisha naomba chai.

Kilichonishtua ni wewe.

Ni mwezi huu, wageni wanne kwenye chungu. Mama yako akapita na birika, na sijui kwa nini siku hiyo, mmoja alipotaja ile stoo ya pamba, mama yako akafungua mdomo. Alisema neno moja tu, "Pale..." Na wewe, ukiwa unaosha bakuli pale pembeni, ukacheka. Ukasema, "Msimjali mama yangu, juzi kamwona babu amepanda baiskeli." Wageni wakacheka sana. Mama yako akaweka birika chini, akatoka nje.

Kilikuwa kicheko changu, Achieng. Kimeanzia puani vile vile. Mzaha ulikuwa wangu, umeuokota wapi sijui, labda uliubeba tangu siku ile ukiwa umemshika nguo. Umerithi pua ya Apio na miguu ya mama yako, na mimi kumbe nilikuwa nimekuachia kicheko kile. Nilitaka kukupiga. Kisha nikaona ningekuwa nampiga nani.

Nilipanda baiskeli nikaenda kwa Apio. Yeye ndiye aliyeniambia kuna Sista anayekuja kwake Jumapili na daftari. Anawasikiliza wanawake wa upande wetu waliovuka, wale ambao hapa hawana mahali pa kusemea, anaandika walichofanyiwa na walichokiona, ili vifike kwa watu wanaoweza kuiuliza serikali yetu bila kufungwa. Wengi wao, Apio anasema, wakikaa mbele ya daftari kitu cha kwanza wanachouliza ni kama inaruhusiwa.

Nilirudi nikamkuta mama yako anapepeta wimbi. Nikachuchumaa mbele yake, na usidhani nilikuwa na maneno. Baba yako, mwenye ulimi wa kuuza jiwe, nilikaa pale kama gunia. Mwishowe nikamwambia habari za Sista, za mama Nabwire, na sahani. Nikamuuliza kama atakwenda. Alipepeta ungo mzima akaumaliza, akamwaga, akajaza mwingine.

"Utakuwepo?" akauliza.

"Hapana."

"Vizuri," akasema. "Basi nitakwenda."

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyonipa mwaka huu. "Vizuri" hiyo nimekuwa nayo mdomoni siku kumi kama mbegu ya chungwa, sijui niiteme wapi.

Sasa uko huko, na nataka kukuomba kitu. Kukuamuru nimeshapoteza haki. Jumapili Sista atakuja, na mama Nabwire atakuwepo, na mama yako atakaa katikati. Ulimi utakuwasha. Utataka kueleza, utataka kuomba radhi kwa niaba yake, utataka kusema anamaanisha hivi. Miaka sita umefundishwa kazi hiyo na fundi hodari. Kaa karibu naye, mletee maji, na mdomo uufunge. Akinyamaza katikati, mngoje. Akikaa kimya mpaka kuku waingie bandani, mngoje. Sista akikuuliza wewe, umwonyeshe kwa mkono aliko mama yako.

Na baadaye, kwa kuwa utasoma kuliko mimi na una mwandiko mzuri (huo nao ni wangu, nipe walau huo), watakuja wanawake watakaokuomba uwaandikie. Waandikie. Lakini usipambe, mwanangu. Mtu akisema mawili, andika mawili.

Karatasi yenye muhuri mpe mama yako. Usiichane wewe, ni yake. Akitaka kuifungia chumvi, sawa. Hii barua ukimaliza mpe Sista, naye anakili hapa: Mimi Obbo, mume wa Adikini, nasema mke wangu hana ugonjwa wa kichwa wala hajawahi kuwa nao. Nilidanganya siku ya baraza, nikaendelea kudanganya nilipokuwa sina tena sababu. Maneno yake ni maneno, mtu ayahesabu. Muhuri sina. Nimeweka dole gumba lenye grisi hapo chini, ingawa kuandika najua.

Mimi nabaki. Nyumba ikiwa tupu watajua mmekimbia, na Apio atatafutwa. Nitakaa kwenye chungu, nitacheka, nitasema mganga ametaka mwezi mmoja, kisha mwezi mwingine. Wakichoka kucheka tutaona. Usirudi kuja kuniangalia. Hilo ndilo neno pekee la leo ambalo si mzaha wala ombi.

Nyuma ya mlango wa shangazi yako kuna kitu kirefu kimefunikwa na kanga. Umeshakiona, wewe huachi kitu hujakichungulia. Ni tunda la mwegea. Apio amelichuma kimya kimya, mama Nabwire hajui bado.

Kwa nini amelichuma, siwezi kukuandikia, kwa sababu sikijui alichokiona mama yako. Nilimkatiza, na miaka sita nimelala naye kitanda kimoja sikumwomba amalizie. Wewe utakisikia kabla yangu. Alikuwa amefika hapa: "Na juzi jioni nilipopeleka chungu tena..."

Mwache aanzie hapo.

Baba yako,
Obbo